Wasifu wa Dada Loweka, Mpima Njegere

Jumatatu alikuwa kazini. Leo tunasoma wasifu wake, na sisi wadogo zake bado akili hazijakubali. Tulipokuwa tukiandika, mmoja wetu alichukua simu ampigie marehemu amuulize mwaka aliohitimu.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1974, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga. Alisoma shule ya msingi nyuma ya stesheni, kisha sekondari ya bweni, ambako njegere za jioni zilimsokota tumbo hadi akaapa kwamba lazima ajue sababu. Mwaka 1998 alihitimu chuo kikuu, shahada ya sayansi ya chakula.

Mwaka uliofuata aliajiriwa katika maabara ya kituo cha mbegu, akabaki hukohuko. Kazi yake ilikuwa kupima aina za njegere: protini, wanga, madini, na vile vitu vilivyomo ndani ya mbegu vinavyouzuia mwili kufaidi chakula. Adui yake mkubwa alikuwa tanini, ile inayoleta ukakasi mdomoni. Kuna mwaka aliipigia debe aina yenye ganda la kahawia kwa wingi wa protini. Vifaranga wa majaribio wakalishwa njegere hizo, wasinenepe. Ganda lilikuwa limejaa tanini. Alisimama mkutanoni akaikataa mbegu aliyoisifu mwenyewe. "Protini iliyofungiwa chumbani si chakula," alisema. Nyumbani nako hatukupumua: loweka, mwaga maji, chemsha ziive. Ndipo tukamwita Dada Loweka.

Tarehe 17 Agosti 2002 alifunga ndoa na fundi majokofu aliyekuja kutengeneza jokofu la sampuli. Siku ya harusi alichomoka ukumbini na gauni lake jeupe, akaenda kuwauliza wapishi kama njegere zimelowekwa. Hazikuwa zimelowekwa. Shemeji anasema hapo ndipo alipojua kwamba ameoa mke pamoja na maabara yake. Walijaliwa binti na mvulana.

Tangu Januari alilalamikia maumivu ya kichwa na kizunguzungu. Shemeji alimsihi akapimwe presha, lakini yeye alikuwa akisubiri majibu ya aina mpya yenye ganda jeupe, iliyomgharimu miaka mingi. "Yakitoka tu, unipeleke hospitali wewe mwenyewe," alimwambia. Tulicheka, tukasema ndivyo alivyo. Jumanne tarehe 11 Machi 2025, akipiga pasi koti lake la kazini, alianguka. Daktari alisema mshipa wa kichwani ulipasuka kwa presha. Kabla ya adhuhuri alikuwa ametutoka. Tumepigwa na butwaa, na tuna hasira pia, kwake na kwetu wenyewe tuliocheka.

Jana mkuu wa maabara alikuja kutupa pole. Alituambia kwa sauti ya chini kwamba majibu yametoka: tanini ni kidogo mno, vifaranga wamenenepa, na wakulima watagawiwa mbegu. Shemeji aliinuka, akachukua funguo za gari. Alifika hadi kwenye gari, akafungua mlango wa upande wa mkewe, ndipo akakumbuka.

Ameacha mume, binti, mvulana, mama yetu mzazi na sisi wadogo zake watatu.

Majibu yametoka, Dada. Pumzika kwa amani.