Pole Kutoka Jukwaa la Kijani

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka kocha wa Wekundu, aliyefariki dunia Jumanne ya wiki iliyopita akiwa na miaka hamsini na minane. Wachezaji wake walimwita Mwalimu. Waliompenda ni wengi, na tungeweza kuwaita hapa. Lakini leo tunapita mlango mwingine. Tunapitia kwa mtu ambaye kwa misimu kumi na miwili aliomba Mwalimu afukuzwe kazi.

Mtu huyo ni fundi wa kuchomelea mageti. Ni kiongozi wa mashabiki wa Kijani, mahasimu wakubwa wa Wekundu. Uwanjani wanamwita Spika, maana koo lake halijawahi kuhitaji umeme.

Jumanne hiyo, saa nane mchana, Spika alikuwa karakanani, redio imewashwa. Habari ikasomwa. Mwalimu alikuwa chumba cha kubadilishia nguo, anafunga kamba za viatu kabla ya mazoezi. Akainama, hakuinuka tena. Moyo. Spika akashusha kinyago chake, akaendelea kuchomelea. Hakufurahi, hakuhuzunika. Alipomaliza ndipo alipoona kwamba bawaba zote amezichomelea upande wa komeo. Lilikuwa geti lisilofunguka, la kutazama tu.

Jioni simu yake ilijaa ujumbe. Wengine walituma vichekesho. Wengine waliuliza itakuwaje, kwa sababu Jumamosi ile ile Kijani walikuwa wacheze na Wekundu. Alhamisi viongozi wa mashabiki wakakutana ukumbini. Dereva mmoja wa lori alisema mpinzani ni mpinzani hata akifa, na wimbo wa kumzomea uimbwe kama kawaida. Muuguzi mmoja akataka wote wavae nyeusi. Dereva akamuuliza ameanza lini kuwa mjane. Watu wakacheka, kisha wakamgeukia Spika.

Spika akasema hajui. Hawakuwahi kumsikia akilitamka neno hilo.

Ijumaa asubuhi akaenda msibani. Alivaa shati jeupe, akabadili hata soksi, maana zilikuwa za kijani. Mjane alikuwa ameketi sebuleni na binti yake. Spika akaishusha sauti kadiri alivyoweza, akasema, "Poleni sana, dada."

Mjane akainua kichwa. "Ni wewe. Sauti hiyo naijua."

Fundi wa watu akatamani ardhi ipasuke immeze. Lakini mjane alimwonyesha kiti, akaanza kumsimulia. Mumewe alifundisha hesabu shule ya msingi miaka kumi na mmoja kabla ya kuwa kocha, ndiyo asili ya lile jina. Mchezaji akikosea, hakumfokea. Alimwita pembeni, akamuuliza alikuwa anafikiria nini, kisha akasubiri jibu. Wachezaji walisema afadhali matusi. Na timu ikifungwa, alirudi nyumbani akapiga pasi nguo za nyumba nzima, hata zilizokwisha kupigwa. Binti akasema kuna msimu ambao hawakuvaa nguo yenye mkunjo.

"Siku moja ulipiga kelele kwamba namba sita amechoka, akalale," mjane akaendelea. "Mume wangu akamtazama namba sita, akamtoa. Wakashinda. Akarudi hapa anacheka peke yake. Akaniambia, yule bwana wa Kijani ananisaidia kazi na hata hajui."

Spika aliikumbuka mechi hiyo. Aliinunia nyumba yake siku mbili nzima. Alitaka kucheka, uso ukakataa. Basi akauliza kilichomleta: kesho wafanye nini?

Mjane akamjibu, "Msijifanye mlimpenda. Hamkumpenda, na mwenyewe alijua. Ila msimzomee sasa, wakati hawezi kuwajibu. Dakika moja tu. Baada ya hapo shangilieni timu yenu."

Jumamosi, wasikilizaji wapendwa, mwamuzi alipuliza kipenga cha dakika ya ukimya. Wekundu wakanyamaza. Kijani nao wakanyamaza, isipokuwa safu ya juu kabisa. Huko watu kumi walianza ule wimbo, dereva wa lori akiwamo. Spika hakuwafokea. Alipanda ngazi mojamoja mpaka kwao, akaketi katikati yao. Wanane wakaacha, dereva akiwa wa kwanza. Wawili wakaimba mpaka mwisho. Tuseme ukweli: wawili waliimba mpaka mwisho, na binti wa marehemu, aliyekuwa uwanjani, aliwasikia.

Kijani walishinda bao moja kwa bila. Watu walimrukia Spika, wakamkumbatia, mikono yake ikabaki inaning'inia. Mara mbili katika mchezo ule alisimama apige kelele, akatazama benchi la Wekundu, akamwona kocha msaidizi, akaketi.

Juzi alitupigia simu hapa studio. Hakutaka kuhojiwa. Alituomba tuseme kwamba mashabiki wa Kijani wanatoa pole kwa mjane, kwa binti, na kwa Wekundu wote. Na kwa ajili ya wale wawili, wanaomba radhi. Akasisitiza tusiongeze chumvi.

Basi hatuongezi. Mama, na wewe binti, poleni sana. Wekundu, poleni. Sisi wa kituo hiki tuko pamoja nanyi. Na wewe unayejiandaa kwenda uwanjani wiki hii, ukimtazama yule wa benchi la wapinzani, mtazame vizuri. Mpigie kelele ukipenda. Lakini mtazame.

Kabla Spika hajakata simu, tulimuuliza anajisikiaje. Akasema:

"Yule mtu nimemtazama kuliko nilivyomtazama kaka yangu. Ndugu hakuwa. Rafiki hakuwa. Watu wananiona nilivyo, wananiuliza kuna nini. Sijui niwaambie nimefiwa na nani."