Diski Iliyobeba Majina Yetu

Mgeni rasmi, uliye pia Mwenyekiti wa Bodi, mama mlezi, na ninyi wadogo zetu mlioketishwa mbele tangu asubuhi:

KARIBU
Sisi tuliolelewa katika makao haya ya watoto tunakukaribisha. Umekuja kuzindua kompyuta mpya. Tumeiona, ingali na nailoni yake, na tumeipigia makofi kama tulivyoelekezwa.

TULIKOTOKA
Kila mtoto aliyefikishwa hapa aliandikwa daftarini: kaletwa na nani, kavaa nini, kaja na ndugu gani, na baadaye kachukuliwa na nani. Miaka mitatu iliyopita madaftari yalipigwa picha, yakaingizwa kwenye diski ya kompyuta, kisha yakachomwa nyuma ya jiko. Kiberiti uliwasha wewe, mgeni rasmi, ukasema tumeagana na karatasi. Tulishangilia. Leo tunaona aibu.

MAFANIKIO
Tunalo moja. Mama mlezi alikuwa na wasiwasi, akatengeneza nakala ya akiba. Aliiweka ndani ya diski ile ile, maana hakuna aliyemwambia vingine. Diski ilipokufa, picha na nakala zilikwenda zote. Asilaumiwe mama yetu.

CHANGAMOTO
Diski tuliipeleka kwa mafundi wa kuokoa data. Walisema vilivyomo vinaweza kutolewa, ila mwenye mali ni Bodi, kwa hiyo wanataka saini ya Mwenyekiti. Barua tumeileta ofisini kwako mara sita. Mara uko safarini, mara uko kikaoni, mara barua yenyewe haionekani.

Aliyekuwa akija ni mwenzetu, fundi cherehani. Aliletwa hapa ana miaka sita, mdogo wake mgongoni. Mdogo alichukuliwa na familia ambayo jina lake liliandikwa kwenye ukurasa mmoja tu. Katibu wako alimjibu, "Dada, si mnaletewa kompyuta mpya? Hayo ya zamani yaacheni."

Juzi mafundi walitupigia simu. Wamepokea barua yenye saini yako. Inasema diski iharibiwe, kwa kuwa mbadala umepatikana.

MAOMBI
Hatuombi magodoro wala rangi ya ukuta. Tunajua unatia saini makaratasi mengi bila kuyasoma. Tumeamua kuamini kwamba na hii hukuisoma, kwa sababu tukiamini vingine hatutaweza kukaa nawe ukumbi mmoja.

Mafundi wamekubali kusubiri mpaka leo saa kumi. Sasa ni saa nane na nusu. Fundi cherehani amesimama kuliani kwako na barua ya kufuta ile ya kwanza. Tafadhali isome, halafu utie saini. Utepe utakatwa baadaye.

Mungu akuweke, akuwekee na wanao karibu, wasije wakakutafuta wasikuone.

Ni sisi,
Umoja wa Tuliolelewa Makaoni, kwa majina tuliyopewa hapa. Yale ya wazazi wetu yamo kwenye diski.