Vidole vya Miguu Havidanganyi: Tunamuaga Sista wa Wodi ya Watoto

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika wodi ya upasuaji ya watoto, sista wetu mkuu, ambaye wazazi wamezoea kumwita Mama Vidole, anastaafu Ijumaa hii. Kamati ya sherehe imenipa kazi ya kuandika wasifu wake, na mwenyewe amenikabidhi funguo za kabati la dawa. Wasifu nitaumudu. Hizo funguo, tangu nizipokee, nalala usingizi wa mang'amung'amu.

Alianzia wodi ya watu wazima. Alihamishiwa kwa watoto kwa muda tu, kuziba pengo la mwenzake aliyekwenda likizo ya uzazi. Mwenzake alirudi kazini, mtoto wa likizo ile sasa ana ndevu, na ule muda wa Mama Vidole ndio kwanza unaisha.

Jina lake lina asili yake. Akiingia wodini, hatazami uso wa mtoto kwanza. Hufunua shuka upande wa miguuni. Uso, anasema, hufundishwa mapema kuficha mambo, lakini vidole vya miguu hakuna aliyewahi kuvifundisha. Mtoto aliyetulia kweli vidole vyake vimelegea. Anayeumwa huvikunja kama mtu aliyeng'ang'ania kitu kisimponyoke. Akishavisoma vidole ndipo hutazama mengine: mtoto anakunywa, anathubutu kukohoa, tumbo linapanda na kushuka, mkono umeshika wapi.

Zamani wodi yetu, kama wodi nyingi, ilipenda watoto wakimya. Aliyelala kimya baada ya kupasuliwa aliitwa shujaa, na aliyesema anaumwa aliletewa sindano. Watoto si wajinga. Wakajua upesi kwamba ukisema unachomwa, ukinyamaza unasifiwa, basi wakawa wanaumia kimoyomoyo. Mama Vidole akalipiga marufuku neno shujaa. Mpaka leo daktari wa upasuaji likimtoka kwa bahati mbaya hugeuka kwanza kutazama mlangoni. Akapigania dawa ya kunywa, au ya kupitia mpira wa dripu, itolewe kwa saa zake bila kungoja kilio. Maumivu, anasema, ni maziwa jikoni. Ukisubiri yafurike umechelewa. Wazazi nao akawakataza kusema "haitauma". Ruhusa ni kusema "itauma kidogo, na mimi nipo hapa".

Nisije nikampamba kupita kiasi. Ni mkali, miwani yake huitafuta ikiwa kichwani, na anaimba vibaya sana. Huwaimbia wagonjwa wote, na mtoto akimwomba anyamaze, hutangaza kwamba huyo sasa anapona.

Kinachonitia hofu ni hiki. Dawa ya maumivu makali haina mzaha. Ikipungua, mtoto anateseka. Ikizidi, anasinzia kuliko inavyofaa na pumzi zinapungua. Daktari huandika kipimo, lakini wanaobaki kando ya kitanda ni sisi wauguzi, na mtoto mdogo hawezi kutuambia tumekosea upande gani. Miaka yote hii nikipata shaka nilitupa jicho kwa Mama Vidole. Aliinua nyusi au hakuinua, nami nikajua la kufanya. Ijumaa nyusi hizo zinakwenda nyumbani.

Wiki iliyopita alinipa mtihani bila kunionya. Tuliletewa msichana wa miaka minne, ametoka kupasuliwa utumbo uliojisokota. Baba yake, fundi viatu, alikuwa amemsihi awe jasiri, na mtoto akatii. Alilala chali, macho darini, mtulivu mno. Nilipomuuliza alijibu, "Siumwi," kwa adabu ya mgeni anayekataa kuongezewa chai. Nikatupa jicho kama kawaida yangu. Mama Vidole alikuwa amenipa mgongo, anakunja shuka ambazo zilikwisha kukunjwa.

Zamu ilikuwa yangu. Nikafunua shuka miguuni: vidole vimekunjwa na kukakamaa. Tumbo halisogei, pumzi anazivutia juu juu kifuani. Nikamwita daktari. Alimpima, akaridhika kwamba tumboni hakuna jipya, akaniambia nimwongezee dawa kidogo na nisiondoke. Nikaisukuma polepole kwenye mpira wa dripu, na hapo ikaanza hofu ya pili. Nilikaa kiganja kikiwa juu ya kifua chake, naziangalia pumzi zake, za kwangu nazisikia hadi masikioni. Baba akauliza kama mwanawe amelala au vipi. Nikamwambia kwamba ninamtazama.

Vidole vikafunguka, kimoja baada ya kingine. Baadaye mtoto alifumbua macho, akamwona baba yake anatafuna biskuti ambazo shangazi alimletea yeye, na yeye bado hajaruhusiwa kula. Akaangua kilio kilichosikika hadi maabara. Kilio kitamu kama kile sijawahi kukisikia. Mama Vidole akaziweka shuka kabatini, akasema, "Haya, sasa naweza kwenda." Mimi bado sijakubali.

Tangu siku hiyo nimetembea wodi nzima nikifunua miguu ya watoto, hata ya wanaocheza, na wapo wazazi wanaodhani natafuta funza. Waniwie radhi. Siku moja atakuja mtoto kimya ambaye nisipomwona mimi, hakuna nyusi za kunistua tena, na naogopa siku yake. Mama Vidole ameniambia hofu hiyo nisiitafutie dawa. Anasema yeye alikuwa nayo kila asubuhi kwa miaka yote thelathini na mmoja, na ndiyo iliyomfanya afunue shuka.

Sista, tunakushukuru kwa kila mtoto aliyelia kwa sababu ulimpa ruhusa. Kamati ilitaka keki iandikwe "Shujaa Wetu", nimeikatalia. Wiki nzima tumekuuliza kama kuondoka kunakuuma, na kila mara umejibu kwamba huumwi na chochote, macho darini. Tunakutakia maisha mema, yenye usingizi mrefu na chai inayonywewa ingali moto. Ila Ijumaa, tafadhali, vile viatu vyako vya kazi vya kufunga kamba viache nyumbani. Njoo na ndala, tuvione vidole.