Nani Analowesha Maboksi ya Akumu

Mnanisumbua. Siku hizi kila anayekaa kunywa kahawa, kabla hata hajapuliza kikombe, utamsikia: "Kukhu, hebu tuambie ile ya maboksi." Kukhu ni nyanya kwa Kisamia, na wananiita hivyo hata wale ambao sikuwazalia mama wala baba. Mimi nauza kahawa, siuzi hadithi, na hadithi haininunulii makaa. Lakini nikinyamaza Redio ataisimulia, na Redio akisimulia atajiweka yeye ndiye aliyemkamata mtu, wakati alikuwa amekaa mdomo wazi na kikombe kitupu. Basi nasema mara moja. Atakayeniuliza tena ataniosha sufuria.

Kijiwe chetu ni benchi la mbao lenye mguu mmoja wa tofali, Busia upande wa Uganda, pale malori yanapolala kungoja kupita mpaka. Nyuma yetu ni ofisi ya Madam Damalie, ya mawakala wa forodha, na mbele yetu ni bomba la maji na sigiri yangu ya makaa. Wanaokaa hapo mnawajua. Panya ni Ofwono wa bodaboda, aliitwa hivyo kwa sababu hakuna njia ya panya asiyoipita kati ya hapa na Kenya. Methali ni Mukhwana, anavuka kutoka upande ule kila asubuhi kubadilisha pesa, na ana methali kwa kila jambo ila ile inayofaa. Redio ni Mwalimu Etyang, alistaafu kufundisha lakini hakustaafu kusema. Na Pamba ni mzee Bwire, aliyefiwa na mke, zamani alikuwa mpimaji wa pamba pale stoo ya Nagongera.

Sasa Akumu. Akumu ndiye anayefagia ofisi ya Madam Damalie, mjane, watoto wake wanakula kwa ufagio huo. Ofisi ile inatapika karatasi kama mtu aliyekula uyoga mbaya. Zamani vyote vilikwenda pipa moja: karatasi, chupa za soda zenye soda, mifupa ya tilapia, maganda ya ndizi, maboksi. Halafu Madam akaenda mkutano Tororo akarudi na mambo mapya. Karatasi peke yake, maboksi peke yake, vingine huko kwingine, kuna mnunuzi Tororo atachukua. Aliyeambiwa ahakikishe ni Akumu. Makarani wale wenye tai walikuwa wanafungia chapati kwenye karatasi, kisha wanaitupa na mafuta yake kwenye pipa safi. Akumu aliwafundisha kwa ulimi. Mmoja alirudishiwa mfupa wake wa samaki juu ya meza, juu ya kompyuta. Tangu hapo wanatenganisha kama wanasali.

Ila maboksi yalilowa. Akumu anayakunja vizuri, anayapanga nyuma ya ofisi juu ya mbao, anayafunika turubai. Alhamisi mnunuzi akija na kenta yake, lile lori dogo, anakuta yamelowa. Akakataa mzigo getini, mbele ya karani, Akumu yuko ndani anafagia. Alhamisi ya pili alikuta mapya yamelowa na ya zamani yameota ukungu, akakataa tena. Madam Damalie akamwambia Akumu: mzigo ukikataliwa mara nyingine, mapipa yatarudi kuwa moja na ufagio utashikwa na mtu mwingine.

Alhamisi ya tatu asubuhi Akumu alitokea kwenye kijiwe ameshika boksi la sabuni. Lilikuwa linaning'inia kama sikio la mbuzi.

Akumu: Kukhu, angalia. Imelowa tena.

Mimi: Mvua haijanyesha wiki nzima.

Akumu: Ndiyo nasema. Na kenta ya Tororo inakuja leo. Mimi leo ndio mwisho wangu.

Akakaa juu ya debe langu. Nikampa kahawa bila kumuuliza. Wanaume wakasogeza makalio, maana shida ya mtu kwao ni sukari ya kahawa.

Panya: Mimi naona hii ni Wakenya.

Methali: Wewe, umeanza.

Panya: Nasikia kule kwenu maboksi iko na soko. Sasa wanaona yetu inakwenda Tororo, wanaumwa tumbo. Wanatuma mtu na jerikeni. Anapita pale kwa kinyozi, anamwaga, anarudi. Hiyo njia mimi naijua.

Methali: Buda, msee atoke Kenya na jerikeni ya maji, avuke mpaka, amwage kwa boksi, arudi na jerikeni tupu? Si heri angerudi na sukari? Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Mimi: Ngamani ni wapi?

Methali: Kukhu, hiyo ni methali, haina wapi.

Redio alikuwa anangoja nafasi. Ukimwona anafuta miwani kwa shati, jua kipindi kinaanza.

Redio: Tuache siasa. Hili ni jambo la sayansi. Mnalijua lile Jiwe la Tororo?

Panya: Nani halijui?

Redio: Jiwe kubwa namna ile, mchana linakunywa joto. Usiku linapoa. Kitu cha moto kikipoa kinafanya nini? Kinatoa jasho. Lile jasho linapanda, upepo wa asubuhi unalisukuma huku kwetu, linatafuta kitu kikavu cha kutulia. Kitu kikavu kuliko vyote Busia ni nini? Maboksi ya Akumu.

Akumu: Mwalimu, nguo zangu zilikuwa kwenye kamba pale pale. Zilikauka.

Redio: Nguo ni pamba. Jasho la jiwe halipendi pamba.

Pamba: Mwalimu anasema kweli kabisa.

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Bwire hajawahi kukubaliana na Redio hata siku moja. Redio akisema leo ni Alhamisi, Bwire anataka kuona kalenda. Na muda mfupi kabla alikuwa amemwambia Panya pia kwamba anasema kweli kabisa.

Panya: Kama ni jiwe, kwa nini linatoa jasho Alhamisi tu?

Redio akafuta miwani tena. Methali akaona mlango uko wazi, akaingia.

Methali: Wasee, nyinyi mnaangalia maji. Angalieni karatasi. Ile ofisi ina karatasi za kila lori lililopita hapa. Nani alibeba nini, alilipa nini, hakulipa nini. Karatasi ikikaa kavu inasomeka. Ikilowa, wino unakwenda. Kuna wakubwa hapo hawalali.

Panya: Lakini kinacholowa ni boksi. Karatasi iko salama.

Methali: Ndiyo ujanja wenyewe. Wanaanza na boksi ili usishuku karatasi. Samaki mkunje angali mbichi.

Panya: Sasa wakubwa wanamwaga maji na nini?

Methali: Na ile ndege ndogo isiyo na mtu ndani. Inakuja kimya, inakojoa, inakwenda.

Redio: Droni.

Methali: Hiyo. Inatoka mahali, hatusemi wapi.

Pamba: Hata mimi niliisikia ikilia.

Akumu: Mzee Bwire, uliisikia lini?

Pamba: Asubuhi. Ilikuwa inalia kwa chini, kama nyuki.

Akumu: Na jino lako limepona? Leo asubuhi nilikusalimia pale bombani ukashika shavu, ukanipungia mkono tu.

Pamba: Limepona kiasi.

Mimi nilikuwa nachochea makaa, mkono ukasimama. Kwa sababu mimi pia hakunisalimia. Alipita mbele yangu, mashavu yamefura kama chura, akaelekea nyuma ya ofisi. Na Alhamisi iliyopita hivyo hivyo. Nikasema moyoni, jino gani hili linaloumia siku moja kwa wiki? Lakini mtu mzima harushi neno kabla hajaona litakapoangukia.

Methali: Mimi nasema tu, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Pamba akapaliwa na kahawa. Alikohoa mpaka Panya akampiga mgongoni. Methali mwenyewe alituangalia kwa woga, maana methali zake hazijawahi kumgusa mtu.

Basi wakati Panya bado anapiga ule mgongo, akaja mwanamke mmoja mnene, kitenge kiunoni, kofia ya jua kichwani, akaomba kahawa ya tangawizi. Hatukumjua. Alikunywa amesimama, akamtazama Akumu na boksi lake.

Mwanamke: Wewe ndio wa ofisi? Mimi ni Loy, wa kenta. Naingiaga kwa geti ya nyuma, leo nimesema nikunywe kitu kwanza. Imelowa tena?

Akumu akamwinulia boksi alione. Pamba akainuka mbio. Akavuta shati, akasema kwa ile sauti ya stoo ya Nagongera:

Pamba: Mama, usikatae kabla ya kupima. Weka mzani chini, utaona. Mzigo wa Akumu una kilo, hakuna mzigo kama huu mpakani hapa.

Loy: Mzani gani?

Pamba: Wa kupimia maboksi.

Loy: Nani aliwaambia mimi nanunua kwa kilo?

Pamba akageuka kutazama kule nyuma ya ofisi.

Loy: Nanunua kwa kujaza kenta. Kenta ikijaa nalipa, nakwenda. Nyumbani nasaga, natengeneza trei za mayai. Maji ya kuloweka ninayo kisimani. Hii yenu inalala chini ya turubai, inaota ukungu, trei inanuka kabla haijaona yai. Sasa nani anaweka maji?

Mimi nikasema: Bwire, fungua mdomo.

Pamba: Kukhu, jino...

Mimi: Jino la Alhamisi. Fungua, sema.

Akakaa. Akasema akiangalia viatu vyake. Stoo ya Nagongera, alisema, mkulima aliyeleta pamba kavu alikuwa anaonekana mjinga. Mwenye akili alijaza maji mdomoni akayapuliza juu ya pamba, ukungu mwembamba, usioonekana kwa macho, na mzani ukanyenyekea. Kupuliza huko ni kazi ya fundi. Ukimwaga kwa kopo pamba inalowa vibaya na unakamatwa. Ukipuliza kwa mdomo inalowa sawasawa. Yeye, mpimaji, alikuwa anajua nani amepuliza na nani hakupuliza, na aliowapenda aliwanyamazia. Tena hapa mpakani, alisema, kitu gani kinapanda mzani bila kunywa maji kwanza? Mahindi yanakunywa. Tumbaku inakunywa. Basi kila Alhamisi alijaza mashavu pale bombani, akaenda nyuma, akapuliza, akarudi kujaza tena, na mzigo ulipokataliwa alidhani amepuliza vibaya, akaongeza ufundi.

Akumu: Kwa nini, mzee Bwire? Nilikukosea nini?

Pamba: Hukunikosea. Nilitaka uonekane una mzigo mzito. Nilitaka Madam akusifu.

Hapo tuliona sote jinsi alivyomwangalia Akumu. Halafu Panya alianza, na Panya akianza kucheka benchi linaondoka kwenye tofali. Redio alianguka nalo. Loy alimwaga kahawa yangu. Hata Akumu, ambaye kazi yake ilikuwa imelala kwenye ulimi wa mtu, alifunika uso kwa lile boksi akacheka ndani yake.

Mimi sikucheka sana. Nilimwambia Bwire asimame. Nikamwambia Loy, mama, jua la leo ni kali, tungoje tuyaanike. Loy alisema atangoja mpaka mchana, akikuta kavu atapakia, akikuta mbichi anakwenda na kenta tupu, na Madam asimwite tena.

Ndipo mkaona nyinyi mliopita siku ile mzee mzima anaanika maboksi kando ya barabara kama mihogo. Aliyaanika yote. Aliyageuza. Alifukuza mbuzi, mbuzi walirudi, akawafukuza tena. Madereva wa malori walimpa ushauri wa bure kutoka juu. Methali alivuka kwenda kwao akarudi na watu wa kuja kuangalia. Yaliyoota ukungu aliyatoa moja moja akayaweka kando, Akumu amesimama juu yake anamwonyesha kwa kidole cha mguu. Madam Damalie alitoka ofisini, akauliza kuna nini. Bwire akasema mwenyewe, mbele ya makarani wenye tai, kwamba ni yeye na si Akumu. Hilo namhesabia.

Mchana Loy alichukua boksi, akalikunja karibu na sikio. Likalia. Akawaambia vijana wake wapakie. Kenta ilijaa mpaka kamba zikakosa pa kufungwa. Madam alimwambia Akumu mbele yetu kwamba ufagio ni wake, na mapipa yatabaki kama alivyoyapanga.

Ikabaki faini. Redio alitaka Bwire anywishe benchi zima kahawa. Panya alitaka ajono, pombe ya ulezi, chungu kizima na mirija. Nikawaambia wanyamaze, aliyekosewa ni Akumu, aseme yeye.

Akumu: Alete jogoo.

Bwire alikwenda kwake Buhehe akarudi na jogoo mwekundu, mkubwa, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. Akumu alimpokea, akamwinua kwa mkono mmoja kuona uzito. Akamtikisa kidogo sikioni. Akapapasa gole shingoni, akafungua mdomo wa jogoo akachungulia ndani, halafu akamtazama Bwire kwa muda mrefu.

— Huyu mkavu, akasema. Njoo Jumapili tumle.