Doa Kwenye Koti Jeupe

Mama Mkwe: Haloo? Haloo! Ni nani, mbona unanong'ona?

Mwokaji: Ni mimi, Mama. Mke wa mwanao. Shikamoo.

Mama Mkwe: Marahaba, mwanangu. Sauti yako kama inatoka ndani ya mtungi. Uko wapi?

Mwokaji: Kazini. Nimejifungia kwenye stoo ya unga. Salio ni dogo, Mama. Naomba umtume mtu aniletee lile koti langu jeupe jingine. Haraka. Wakaguzi wa afya wamefika—

Mama Mkwe: Jingine lipi? Si uliliacha kwenye beseni, limelowekwa? Na hilo ulilovaa?

Mwokaji: Limechafuka.

Mama Mkwe: Mwokaji mikate akichafuka unga, nani atashangaa?

Mwokaji: Si unga, Mama.

(Mtandao unakwaruza.)

Mama Mkwe: Ni titi?

Mwokaji: Titi gani?

Mama Mkwe: Mwanangu, tunaishi nyumba moja. Vile vitambaa unavyoanika nyuma ya bafu, umevifunika kwa taulo. Mvua ikianza, nani huviwahi?

Mwokaji: Nilidhani ni binti yangu.

Mama Mkwe: Ni mimi. Navikunja, navirudisha chini ya nguo zako, nanyamaza. Nilikuwa nangoja useme.

Mwokaji: Ningeanzaje kukwambia wewe, Mama? Naona aibu mpaka—

Mama Mkwe: Aibu weka pembeni, salio linaliwa. Daktari umemwona?

Mwokaji: Nimemwona. Nikapigwa picha, na yale maji yanayonitoka yakapimwa. Akasema vijia vya chini ya chuchu vimetanuka, maji mazito yanatuama humo. Huwapata wanawake wengi wa umri wangu. Akasema si saratani.

Mama Mkwe: Mungu mkubwa! Sasa unalia nini?

Mwokaji: Rangi yake, Mama! Kijani, kama maji ya mtaro. Kila asubuhi nalikamua nione kama yamekwisha, na hayaishi!

Mama Mkwe: Unalikamua?

Mwokaji: Kidogo tu. Ili nijue.

Mama Mkwe: Na daktari alisema ulikamue?

Mwokaji: Alisema nisiliminyeminye.

Mama Mkwe: Ehee! Kila asubuhi unaliita, nalo linaitika. Halafu unashangaa.

Mwokaji: Nisipoangalia, nitajuaje kama halijageuka jambo jingine?

Mama Mkwe: Alikwambia urudi ukiona nini?

Mwokaji: Damu. Au uvimbe. Au likiwa jekundu, linauma, na homa juu.

Mama Mkwe: Umeviona?

Mwokaji: Hapana.

Mama Mkwe: Haya.

Mwokaji: Haya nini, Mama? Niko kama mfungwa! Usiku nalala na sidiria, nimempa mwanao mgongo. Mchana nakunja mikono kifuani kama nina baridi, mbele ya tanuri! Leo nimekumbatia trei ya mikate hivi, nikahisi majimaji. Nikakimbia. Sasa humu hakuna hata dirisha.

Mama Mkwe: Mwanangu wa kiume amepoa sana siku hizi. Nadhani anahisi umemchoka.

Mwokaji: Amekwambia?

Mama Mkwe: Hajasema kitu. Akirudi ananiuliza kama umekula. Kila jioni. "Mama, amekula?" Basi.

(Mlango unagongwa.)

Mwokaji: Ngoja— mtu anagonga.

Mama Mkwe: Nani?

Mwokaji: Sajini. Msimamizi wetu, yule mama anayefoka mpaka chachu inasahau kuumuka. Nimekwisha. Aliniona nikikimbia.

Mama Mkwe: Anasemaje?

Mwokaji: Hasemi. Hilo ndilo linalonitisha. Sajini huwa hanyamazi— Mama, ametupia kitu humu ndani, kupitia uwazi wa juu ya mlango.

Mama Mkwe: Kitu gani?

Mwokaji: Koti. Lake mwenyewe, mabega mapana hivi hana mwingine. Limepigwa pasi.

Mama Mkwe: Livae basi, unangoja nini?

Mwokaji: Navaa, navaa... Mama.

Mama Mkwe: Nini tena?

Mwokaji: Kwa ndani, hapa kifuani, kuna kitambaa kimeshonewa. Kinene. Kimekunjwa vizuri.

Mama Mkwe: Amekushonea sasa hivi?

Mwokaji: Si sasa hivi. Uzi umepauka. Kimefuliwa mpaka kimekuwa laini kama sikio.

(Mtandao unakwaruza.)

Mama Mkwe: Kumbe na yeye! Bado yuko hapo nje?

Mwokaji: Naona viatu vyake chini ya mlango. Hatikisiki.

Mama Mkwe: Basi mfungulie.

Mwokaji: Nimwambie nini?

Mama Mkwe: Mwamkie tu, yatosha. Na leo jioni mwambie mume wako. Watoto nitakaa nao mimi jikoni, hata wapigane.

Mwokaji: Mama, naogopa huu mlango.

Mama Mkwe: Najua.

Mwokaji: Salio linakata— Mama, asante kwa vile vitamba—

Mama Mkwe: Usilikamue tena, unasikia? Ukirudi utakuta maji ya uvuguvugu na kitambaa kisafi, uweke hapo upum— Haloo? Haloo? Umefungua?