Bartholomayo Mutalemwa na Shokapu Kumi na Moja

Ndugu zetu mliotoka Bukoba mjini, na nyinyi majirani wa hapa Kishanda, familia inaomba utulivu wenu, na inaomba msikilize hadi mwisho, kwa sababu katika maisha ya ndugu yetu kuna jambo linalomhusu mtu ambaye leo hii anapanda baiskeli mahali fulani katika wilaya hii, na hatujui ni nani.

Bartholomayo Mutalemwa alizaliwa tarehe 14 Agosti 1976, katika kibanja hiki hiki cha migomba tulipokusanyika, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa marehemu mzee Joackim na marehemu mama Immakulata, wakulima wa migomba na kahawa. Alibatizwa mwaka huo huo, na mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alitembea akiwa na miezi tisa, na kwamba kuanzia hapo kumlisha chakula kulimaanisha kumfukuza kwanza.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1985 hadi 1991, kisha akachaguliwa kwenda sekondari Kamachumu, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1995. Matokeo hayakumwezesha kuendelea, na kaka yake Datius, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, anakumbuka sababu, kwani muda wa kujisomea marehemu aliutumia kufungua baiskeli za walimu, baadhi yake zikiwa hazina ubovu wowote.

Baada ya shule alibeba kahawa kwa baiskeli kutoka vijijini hadi maghalani kwa miaka miwili, na mwezi Februari 1998 akaenda Bukoba, kata ya Bilele, alikopokelewa na mzee Muksini, fundi wa baiskeli, Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani, na ambaye alimpa kazi, chumba nyuma ya karakana na sahani mezani kwake kwa miaka minne bila kumuuliza dini wala ukoo. Mzee Muksini alipofariki mwaka 2014, aliacha mjane, Bi Safina, na mtoto wake wa mwisho, Hafidhi, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na minne, na karakana akamwachia marehemu, akimwomba awe kaka mkubwa wa mtoto huyo.

Tarehe 20 Julai 2002 marehemu alifunga ndoa takatifu na Alistidia, binti wa Kamachumu, na Mungu akawajalia watoto watatu, Evelyne aliyezaliwa mwaka 2003, Immakulata mwaka 2006 na Joackim mwaka 2011. Alikuwa baba aliyetimiza wajibu wake, ada zililipwa na paa lilizibwa, lakini hakuwa mtu wa kukaa nyumbani, hata Jumapili baada ya misa alikula amesimama, na mkewe alizoea kuzungumza na mgongo wake.

Kuanzia mwaka 2016 zilianza kufika Bukoba baiskeli za milimani zilizotumika ng'ambo, zenye shokapu za upepo mbele. Ndani ya shokapu hizo hakuna springi, kuna upepo tu, uliogawanywa katika vyumba viwili, cha juu kinachosukuma usukani uinuke na cha chini kinachoupunguzia ukali, na katikati ya vyumba hivyo kuna mpira mwembamba wa duara usiozidi unene wa kamba ya kiatu, na huo ndio unaobeba uhai wa mpandaji. Mafundi wengine waliziogopa, wengine walizifungua wakazirudisha kwenye mfuko wa rambo, lakini marehemu alizisoma hadi akazijua. Wateja walikuwa wakirudi mbio wakipiga kelele, "Fundi, nimechomoa pampu imepiga pshii, upepo wote umetoka!", naye aliwajibu kwamba huo ni upepo wa mpira wa pampu, wa kwao uko ndani umelala, na wale waliopima kila asubuhi wakaona kipimo kinashuka aliwaambia waache kupima, maana kila wanapofunga pampu, pampu nayo inachukua fungu lake. Bilele nzima ilimwita Bwana Upepo.

Mwezi Agosti 2022 vijana wa Bilele waliandaa mashindano ya kwenda Kamachumu na kurudi, wakamletea marehemu baiskeli kumi na moja azifungue shokapu, azisafishe na kuzipaka grisi upya. Grisi maalumu ya mipira ile ilikuwa imemwishia, na nyingine ingechukua wiki tatu kufika, lakini mashindano yalikuwa Jumamosi, tarehe 27. Akachukua kopo la grisi ya beringi za malori. Mkewe, aliyekuwa ameleta chakula cha mchana, aliona rangi si ile ya siku zote, akauliza, akajibiwa, "Grisi ni grisi, mama Evelyne," naye alikuwa na haraka ya kurudi na vyombo, hakuuliza tena. Marehemu alizipanda zote kumi na moja mwenyewe kabla ya kuzikabidhi, kama mzee Muksini alivyomfundisha, lakini alizipanda Bilele, na Bilele ni tambarare. Mashindano yakaisha salama, kikundi cha vijana hao kikavunjika, baiskeli zikauzwa, nyingi zikaja huku Muleba.

Tarehe 12 Novemba mwaka huo, Hafidhi alikuwa akishuka mteremko wa Kamachumu kwa baiskeli yake, mojawapo ya zile kumi na moja, usukani ukazama mbele na haukurudi, akarushwa kwenye mawe ya pembeni, akavunjika paja sehemu mbili, na mguu ule hadi leo ni mfupi kuliko mwenzake. Marehemu aliichukua shokapu ile, akaijaza upepo, ikainuka, akaipaka maji ya sabuni, haikutoa hata povu moja, akaiacha siku mbili, kipimo hakikushuka. Akaenda kwa Bi Safina akamwambia mbele ya watu kwamba shokapu ni nzima, kijana alikimbia sana. Maneno hayo yalienea mjini, na Hafidhi akaitwa Kiherehere hadi na watoto wa shule.

Lakini marehemu hakutulia. Shokapu ile aliiweka juu ya kabati la vyombo, akaishusha, akairudisha, akaipeleka karakana, akairejesha nyumbani, na kwa mwaka mmoja na miezi mitatu mkewe alipangusa vumbi kwenye kitu hicho na kusikia neno moja tu, kwamba haivuji. Alikuwa anatafuta upepo unaotoka nje. Hakuwaza kwamba upepo unaweza kupotea bila kutoka.

Mwezi Februari 2024 mwalimu mmoja wa Nshamba alimletea baiskeli nyingine kati ya zile kumi na moja, nayo mbele imezama. Mwalimu alisema huwa anaijaza upepo, inapona, baada ya siku chache inazama zaidi ya mwanzo. Safari hii marehemu hakujaza, bali alitoa upepo wote wa juu, akauvuta usukani kwa nguvu zake zote, ukakataa kuinuka. Hapo akaelewa, upepo ulikuwa umepita katikati na kujificha chumba cha chini, ambako unavuta badala ya kusukuma, na kila anayeongeza upepo anaongeza ugonjwa. Alipofungua, akakuta mpira wa katikati umevimba na kulegea kama ganda la ndizi mbivu, umeliwa na grisi ya malori. Alirudi nyumbani, akaishusha shokapu ya Hafidhi, akaifungua mezani kati ya sahani, akakuta vilevile.

Tarehe 3 Machi 2024, siku ya Jumapili, alikwenda na mkewe kwa Bi Safina, akaeleza yote, akaanza kulia. Hafidhi aliuliza jambo moja tu, "Kaka, kwa hiyo sikukimbia?", naye akajibu, "Hukukimbia, mdogo wangu." Bi Safina akasema, "Mwaka na zaidi mwanangu nimemgombeza kwa kosa lako, na sasa unanilowanishia mkeka. Zilikuwa kumi na moja, umeziona mbili. Inuka, Mutalemwa, tisa hizo zina watoto wa watu juu yake."

Kuanzia siku hiyo marehemu alizunguka Bilele, Muleba mjini, Rubya, Izigo, Kamachumu na vijiji vya katikati, akiuliza sokoni, vilabuni na makanisani. Mwezi Mei alianza kupata maumivu ya tumbo na kupungua mwili, akasema ni safari. Mwezi Septemba madaktari wa Bukoba walimpima wakakuta ni saratani ya tumbo, wakampa rufaa ya Mwanza, aripoti tarehe 8 Oktoba. Siku moja kabla, akiwa na mkewe ndani ya basi, lilisimama stendi ya Muleba, marehemu akaona dirishani baiskeli yenye shokapu nene mbele, akasema, "Waitu, jamani, nakuja," akashuka, basi likaondoka, mkewe akabaki na begi la mgonjwa bila mgonjwa hadi alipomshawishi dereva amshushe njiani. Alimkuta stendi amekaa juu ya gunia la maharage, akitweta. Baiskeli ile ilikuwa ya springi. Mkewe alimwambia maneno ambayo hayafai kusomwa hapa, na nafasi nyingine Mwanza ilipatikana baada ya wiki tatu. Familia haijui kama wiki hizo tatu zingebadilisha chochote, na daktari tulipomuuliza alisema tusijiulize.

Alitibiwa Mwanza mwezi Novemba, akarudishwa nyumbani mwezi Desemba, na akiwa kitandani aliendelea kupiga simu, wakati mwingine akiwapigia watu wale wale mara mbili kwa siku, hadi baadhi yao wakazima. Zilipatikana saba zaidi, zikawa tisa, zote Evelyne na Hafidhi walizibadilisha mipira kwa maelekezo yake. Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Bilele, aliuliza kama simu ya Kamachumu imejibiwa, akaambiwa bado, na baada ya nusu saa akaaga dunia, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane.

Wapo wazee wa ukoo walioshauri kwamba habari ya grisi iachwe, kwa kuwa marehemu hasemwi vibaya mbele ya jeneza lake. Mkewe amewasikiliza kwa heshima, na amekataa. Kuificha kungempa marehemu jina zuri kwa siku moja, na kungempa mtu mwingine mguu mfupi au kaburi.

Juzi, siku ya Jumatano, mwombolezaji kutoka Izigo alifika hapa msibani akaegemeza baiskeli yake kwenye mgomba. Hafidhi aliiona, akaenda akichechemea, akaukandamiza usukani kwa mikono miwili, ukazama, haukurudi. Mwenye baiskeli alikuja juu, "We kijana, umeniharibia chombo!", na Hafidhi akamjibu, "Mzee, kingekuvunja wewe mteremkoni, ungemshtaki nani?", akamkalisha, akamweleza. Mzee yule leo amekuja kwa miguu, na baiskeli yake iko ndani.

Imebaki moja. Ni ya kijani, tairi nene, mguu wa kushoto wa shokapu una mkwaruzo mrefu mweupe, iliuzwa karibu na soko la Kamachumu mwezi Desemba 2022 kwa mtu aliyesema anampelekea mpwa wake. Kwa yeyote aliye nayo au anayemjua aliye nayo, asiijaze upepo, asiifungue mwenyewe kwa sababu upepo uliojificha unaweza kurusha chuma usoni, na asishuke nayo mteremko wowote, hata wa kwenda kisimani. Aikokote hadi hapa au Bilele, hata usiku wa manane, hatatozwa chochote na hatalaumiwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Bukoba na Mwanza, ambao walimvumilia mgonjwa asiyekaa kitandani, jumuiya yetu ndogo ndogo ya Bilele na majirani Waislamu waliopika pamoja nasi siku zote tatu, mafundi wenzake waliozifunga karakana zao leo, na waendesha bodaboda waliopeleka maulizo yake vijijini bila kuchoka. Kwa namna ya pekee tunamshukuru Bi Safina, aliyetangulia kufika msibani kuliko ndugu wa damu, na Hafidhi, ambaye tunatamka mbele yenu wote kwamba siku ile hakukimbia, na anayemwita Kiherehere kuanzia leo anatutukana sisi.

Hafidhi atakuwa pale njia ya kutokea tukimaliza maziko, na wenye baiskeli wote mtapita kwake kwanza.

Bartholomayo, lala sasa kwa amani ya Bwana. Ya kijani tutaitafuta sisi.