Pakiti za Biskuti Kwenye Ntumba

Kijiwe cha kahawa cha Coleta kiko Malangali, na benchi lake limeelemea upande mmoja. Upande wa juu hukaa Zenon, Bwana Mazingira: hashiki mfuko wa plastiki, hachomi majani, na bado analima ntumba kama babu zake, yale matuta ambayo nyasi hufukiwa ndani zikaoza zikawa mbolea. Mwezi wa tatu daktari alimkemea kwa sukari, naye akamwapia mkewe Cornelia kwamba biskuti na krispi basi. Leo anazungusha tu kikombe mkononi. Coleta kasema amepishana na Cornelia, jembe begani, anakwenda kuvunja matuta apande ulezi.

— Mbona umenywea, Bwana Mazingira? akauliza Timoth, waliyembandika jina la Kastamu tangu alipobeba mizigo mpakani Kasesya.

— Jamani, biskuti sikuacha. Nilikuwa nazila shambani kwa siri, pakiti nazifukia kwenye ntumba.

— Si zimeoza, mshikaji? akasema Kastamu. Mvumilivu hula mbivu!

— Haziozi! akadakia Yusto, aitwaye Daktari kwa kuwa aliwahi kufagia zahanati. Wanatia dawa ya kuhifadhi. Ukila sana na wewe unahifadhika. Tukikufukua baada ya miaka mia tunakukuta unatabasamu!

— Kumbe ndiyo maana malori ya mpakani yanazibeba kama saruji! akasema Kastamu. Basi wajengee na barabara. Haba na haba hujaza kibaba.

— Na ng'ombe wa jirani yetu Meshack akitafuna pakiti moja, anakamuliwa maziwa ya stroberi, akaongeza Daktari.

— Yako kwenye boksi?

— Na mrija wake!

Zenon alicheka mpaka machozi, kisha moyo ukamuuma. Jumapili tu Cornelia alimsifu mbele ya jumuiya nzima: mume wangu akisema kaacha, kaacha.

— Karibu, mama Monika, akasema Coleta ghafla.

Cornelia alitua beseni katikati ya benchi. Limejaa pakiti nyekundu na za dhahabu, zinang'aa kama zimetoka dukani asubuhi ile.

— Baba Monika, nyasi zimeoza zote. Hata mpini wa jembe uliovunjika umeoza. Hizi udongo umezishindwa miezi minane. Kwa vilivyokuwa ndani yake, tumbo lako umelitwisha kazi gani?

Kastamu akamtazama Daktari. Daktari akaitazama biskuti aliyokwisha kuichovya kwenye kahawa, akaiweka chini.

— Nisamehe, mke wangu, akasema Zenon.

— Nimekuuliza swali.

Zenon akanyoosha kikombe kwa Coleta, apate la kufanya. Coleta akainamisha birika. Halikutoka hata tone.